Kwa nini supagluu hutia ukungu kioo cha ndege ya modeli?

Jibu linalosikika sana miongoni mwa waundaji wa ndege ndogo za kivita ni kwamba supagluu "imeunguza" plastiki angavu ya kioo hicho. Si hivyo, na kwa imani hiyo vioo vingi vya chumba cha rubani hutupwa vikiwa vizima.

Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Gundi ya kawaida ya modeli huyeyusha kweli polistirini, plastiki ya modeli hizo. Ndivyo inavyounganisha bawa na kiwiliwili. Ikidondokea kioo, inakiharibu hadi ndani. Supagluu haifanyi kazi hivyo. Weupe unaouona ni plastiki mpya iliyotua juu ya ile ya zamani.

Supagluu ni sianoakrilati, kimiminika ambacho sehemu yake hugeuka mvuke kabla gundi haijakauka. Mvuke huo ukikuta unyevu, hata ule usioonekana kwa jicho, molekuli moja huamka na kuidaka ya pili, ya pili ikaidaka ya tatu, mpaka mnyororo ukawa chembe ngumu. Chembe hizo ndogo mno hutawanya mwanga kila upande. Ni kama unga uliopeperukia dirishani: kioo ni kilekile, ila hukioni kwa sababu ya unga.

Mahali palipoguswa na kidole ndipo chembe hushika zaidi, kwa kuwa jasho huacha unyevu na chumvi. Wachunguzi wa uhalifu hutumia jambo hilohilo: hufungia kifaa ndani ya sanduku pamoja na supagluu iliyopashwa moto, na alama za vidole hujitokeza nyeupe. Chumba cha rubani kilichozibwa pande zote ni sanduku la aina hiyo, tena dogo, hewa yake haitembei. Ndiyo maana ukungu huwa mzito upande wa ndani.

Historia ya gundi hii inashangaza zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkemia Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Sianoakrilati ikakataliwa kwa kung'ang'ania kila kitu. Mwaka 1951 timu yake ilikutana nayo tena ikitafiti plastiki inayostahimili joto kwa ajili ya vioo vya marubani wa ndege za jeti. Safari hii wakaitambua kuwa gundi, ikaingia sokoni mwaka 1958.

Si kila weupe ni mvuke, hata hivyo. Sugua sehemu ndogo kwa dawa ya kung'arishia plastiki: ukitoka, ulikuwa ukungu wa juu, ukibaki, huenda gundi ya kuyeyusha iligusa hapo. Usijaribu asetoni. Huondoa supagluu, lakini huyeyusha na kioo chenyewe. Kwa kioo kipya, gundi nyeupe ya maji inatosha kabisa, kwani sehemu hiyo haibebi uzito wowote, na ikikauka huwa angavu.