Kwa Nini Tunakuuliza Kama Umekula: Safari ya Kuweka Mafuta Ndani ya Dawa

Jumamosi moja mama mmoja kutoka upande wa Ahero aliingia kwenye kemisti ninayosaidia wikendi, mtoto mgongoni, pakiti ya AL, dawa ya malaria, mkononi. Mtoto alikuwa ameshapimwa na malaria ikaonekana. Nikamuuliza swali ambalo kila mhudumu wa afya wa kanda hii ya Ziwa Victoria huuliza: "Mama, mtoto amekula?"

"Hata uji ameukataa, daktari. Tangu jana jioni ni maji tu."

Siku nyingine zote mimi ni mwalimu wa famasia, na jibu kama hilo ndilo linalonipeleka maabara asubuhi. Wengi hudhani tunauliza habari za chakula ili dawa isichome tumbo. Kwa AL, sababu ni nyingine kabisa.

Tembe moja ya AL ina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Artemetha hushambulia vimelea kwa kasi kisha huisha mwilini mapema. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vile vilivyojificha. Shida ni kwamba lumefantrini na maji haziivi chungu kimoja. Tikisa unga wake ndani ya glasi ya maji upendavyo, utabaki kuwa unga. Tumboni nako ni majimaji matupu, na dawa isiyoyeyuka haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Inapita tu, inatoka na choo. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanasema kuwa mtu mzima mwenye afya akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi cha lumefantrini kinachoingia mwilini huongezeka mara 16 kuliko akiimeza tumbo likiwa tupu. Kwa artemetha ni mara mbili hadi tatu.

Hebu tafakari hesabu hiyo. Majirani wawili wa Nyalenda wamepewa tembe 24 kila mmoja, wazimeze kwa siku tatu. Mmoja anazimeza na chai ya maziwa na mandazi, mwingine na strungi isiyo na maziwa kwa sababu ndiyo iliyopo. Kwenye daftari la zahanati wamepata dozi sawa. Kwenye damu hawajapata sawa hata kidogo. Na anayeachwa nyuma ni yule yule ambaye njaa na homa vimeshamdhoofisha. Katika utafiti wa kitaifa wa malaria wa Kenya wa 2020, watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa kanda ya ziwa walikuwa na vimelea, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6 kati ya 100. Kwa hiyo jambo hili liko mlangoni petu.

AL haiko peke yake. Griseofulvini wanayopewa watoto wenye mapunye kichwani nayo hutaka mlo wa mafuta, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza dawa zipangwe kwa maswali mawili: je, inayeyuka majini? Na je, inapenya ukuta wa utumbo? Kundi la pili ni la dawa ambazo hupenya vizuri lakini hazitaki kuyeyuka. Huko ndiko tunakofanyia kazi. Dawa za kundi hili hazina ubaya wowote, zimekosa tu kivuko cha kuzifikisha ng'ambo.

Kivuko hicho mtu hawezi kukichagua kwa pupa. Mwaka 1937 huko Marekani kiwanda kimoja kilitaka kutengeneza sulfanilamidi ya maji, na kwa kuwa dawa ile haikukubali kuyeyuka majini, wakatumia kemikali iitwayo dayethilini glaikoli. Hawakuipima usalama. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Huwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho siku ya kwanza, kabla hawajagusa chombo chochote.

Mafuta tunayokula ni kivuko salama zaidi, na mwili umeyazoea tangu zamani. Ukila karanga, nyongo huyavunjavunja mafuta yake kuwa matone madogo sana, na dawa inayopenda mafuta hudandia humo hadi ukutani mwa utumbo. Nanoemulsheni ni kumfanyia mgonjwa kazi hiyo mapema: dawa inayeyushwa kwenye mafuta, mafuta yanagawanywa kuwa matone ya nanomita 20 hadi 200 hivi, nayo yanaelea ndani ya maji. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita zipatazo 80,000.

Udogo huo una faida gani? Chukua mililita moja ya mafuta. Ikiwa tone moja la mviringo, uso wake ni kama sentimita 5 za mraba, ukubwa wa stempu ya posta. Igawe mililita hiyo hiyo kuwa matone ya nanomita 100, kisha jumlisha nyuso za matone yote: unapata mita 60 za mraba. Hiyo ni sakafu ya darasa zima la shule ya msingi. Dawa iliyokuwa na dirisha moja la kutokea sasa ina milango pande zote.

Maabara tunaanza kwa kutafuta dawa inapenda mafuta gani. Tunapanga chupa za mafuta ya simsim, karanga, alizeti, soya na mbarika, tunatia unga wa dawa kupita kiasi, tunazitikisa kwa siku mbili, kisha tunazizungusha kwa kasi kwenye mashine hadi unga usioyeyuka utue chini. Kilichobaki juu ndicho tunachopima. Kisha tunatafuta mpatanishi, yaani molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kama lesithini ya kiini cha yai au ya soya. Ndiyo kazi inayofanywa na sabuni kwenye sufuria yenye mafuta.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda. Mchanganyiko unapoingia kwenye mashine ya mgandamizo mkubwa, mzunguko wa kwanza hutoka mweupe kama maziwa. Ukiurudisha tena na tena, weupe unapungua, unakuwa wa samawati hafifu kama maziwa yaliyozidishwa maji. Mwishowe unaweza kushika chupa mbele ya gazeti na kusoma kichwa cha habari. Matone bado yamo, ila yamekuwa madogo kuliko mawimbi ya mwanga, na mwanga unapita karibu bila kutawanyika. Ukiwasha kurunzi ya leza utaona mstari mwembamba ukikatiza ndani, ushahidi kwamba yale si maji matupu.

Mashine yenyewe ina nasaba na viwanda vya maziwa. Wafugaji wa Molo na Nandi wanajua kwamba maziwa yaliyolala huota malai juu, kwa kuwa matone ya mafuta hupanda. Ya pakiti mara nyingi hayafanyi hivyo, kwa sababu yamepitishwa kwenye tundu jembamba kwa nguvu hadi matone yakavunjika, ubunifu aliousajili Auguste Gaulin nchini Ufaransa mwaka 1899.

Lakini matone yetu hayatulii daima. Madogo huvuja polepole na kuwalisha makubwa, jambo linaloitwa ukuaji wa Ostwald, na baada ya miezi chupa iliyokuwa angavu inaweza kuwa nyeupe tena. Mafuta nayo huchacha. Ndiyo sababu tunaongeza vitamini E, na tunaweka chupa kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6. Dawa itakayopanda bodaboda kutoka Kisumu hadi zahanati ya Nyakach mchana wa jua haiwezi kubembelezwa.

Kwa hali yetu, mimi naegemea aina isiyo na maji kabisa. Mafuta, mpatanishi na dawa hufungwa ndani ya kidonge laini, na matone hujiunda yenyewe yanapokutana na majimaji ya tumbo. Ni nyepesi kusafirisha na haiharibiki haraka. Kasoro yake ni kwamba hutaka mpatanishi mwingi, na akizidi huwasha utumbo, kwa hiyo kupima kiasi ndiko kazi kubwa.

Hizi si ndoto. Siklosporini ya watu waliopandikizwa figo ilibadilishwa kuwa aina inayojiunda hivyo katika miaka ya 1990, na viwango vyake kwenye damu vikawa vya kutabirika zaidi. Na ukiwahi kuingia chumba cha upasuaji ukaona sindano ya usingizi nyeupe kama maziwa, ile ni propofoli ndani ya mafuta ya soya na lesithini ya yai.

Naomba sana, msichanganye dawa na mafuta ya kupikia nyumbani. Kanuni hii si ya kila dawa. Rifampisini ya kifua kikuu hufyonzwa vyema tumbo likiwa tupu, na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI ikikutana na mlo wa mafuta hupanda mno kwenye damu na kuzidisha kizunguzungu. Muulize anayekupa dawa.

Yule mama wa Ahero hakuweza kungoja maabara yetu imalize. Lakini utafiti uliochapishwa 2007 kwa watu wazima wenye afya ulionyesha kwamba mililita 36 tu za maziwa ya soya zilitosha kuifikisha lumefantrini karibu na kilele chake. Nikaagiza pakiti ya maziwa kutoka duka la jirani. Mtoto alikunywa vijiko vitatu vikubwa, cha nne akakisukuma kwa mkono. Nikamwambia mama hivyo vitatu vinatosha, ampe dawa sasa hivi.