Gesi ya hifadhi: kinachofanya kuandika kwenye mkataba janja kuwe ghali

Mkataba janja ni programu inayojiendesha kwenye mtandao wa bloku, na gesi ni kipimo cha kazi inayotozwa kila muamala. Gesi ya hifadhi ni sehemu ya makato ya muamala inayolipia data ya kudumu iliyoandikwa ndani ya mkataba huo. Kwenye Ethereum, mmoja wa mitandao hiyo, hifadhi ya kila mkataba imegawanyika katika sloti za baiti 32, na amri inayoandika humo ni SSTORE. Kujumlisha namba mbili kunakula gesi 3. Kujaza sloti mpya kunakula 22,100. Ughali huo una sababu. Kilichoandikwa kitatunzwa na kila nodi kamili (kompyuta inayotunza nakala) ya mtandao, na mwandishi analipa mara moja tu, hatozwi tena mwaka hadi mwaka.

Aliyezoea makato ya M-Pesa atatarajia namba kubwa ikatwe zaidi. Hapa ukubwa wa namba hauhusiki: kuandika kilo 1 au kilo milioni ni bei ileile. Kinachoamua ni mambo mawili: sloti ilikuwa na nini kabla, na kama imeshaguswa ndani ya muamala huohuo.

Sloti yenye sifuri ikiwekwa namba ni gesi 20,000, na kuigusa mara ya kwanza ni 2,100 juu yake. Iliyokuwa na namba ikipewa namba nyingine ni 5,000 jumla. Ukiibadilisha tena kabla muamala haujaisha, unalipa 100 tu. Ukiirudisha kwenye sifuri unalipa 5,000 lakini unarejeshewa 4,800, na marejesho yote ya muamala hayavuki moja ya tano ya gesi iliyotumika. Kabla ya mabadiliko ya London ya Agosti 2021, marejesho yalikuwa 15,000 na kikomo chake nusu, kiasi kwamba watu walikuwa wakijaza sloti gesi ikiwa rahisi ili wazifute ikipanda. Mchezo huo ukafungwa.

Tuchukue AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa Mbozi inayotaka kuandika kila mzigo unaopita kwenye mizani: namba ya mwanachama, uzito, tarehe, daraja na bei. Mwandishi wa Solidity, lugha ya kuandikia mikataba janja, asiye makini atatumia uint256, yaani namba ya biti 256 inayojaza sloti nzima, kwa kila kimoja. Hizo ni sloti tano, gesi 110,500, na ukiongeza 21,000 za kuanzisha muamala wowote unafika 131,500 hata kabla ya hesabu nyingine. Gesi ikiwa gwei 10, yaani sehemu 10 za bilioni za ETH (sarafu ya Ethereum), mzigo mmoja unakula ETH 0.001315. Kwa gunia moja la kahawa kavu, hiyo si hesabu ya kuchezea.

Data ileile inaenea kwenye sloti moja: biti 32 za mwanachama, 32 za uzito kwa gramu, 40 za tarehe, 8 za daraja na 32 za bei ni biti 144, na sloti ina 256. Gharama inashuka hadi 43,100. Lakini Solidity hupakia vigeu (majina yanayobeba thamani) kwa mpangilio uliovitangaza. Ukiweka uint128, kisha uint256, kisha uint128, umetumia sloti tatu. Ukizileta zile ndogo pamoja, ni mbili. Na uint8 iliyokaa peke yake haikuokolei chochote, kwani inachukua sloti nzima na kuongeza kazi ya kukata biti.

Hata hivyo, swali la kwanza lingekuwa kama mkataba wenyewe utahitaji kusoma rekodi hiyo. Kama inatunzwa kwa ajili ya mkaguzi tu, itoe kama tukio, yaani kumbukumbu ya muamala inayokaa nje ya hifadhi: gesi 375, nyingine 375 kwa kila mada (lebo ya kutafutia), na 8 kwa kila baiti. Rekodi yetu yenye vipande vitano vya baiti 32 na mada moja ni takriban 2,030. Mkataba hauwezi kulisoma tukio, ila programu ya ofisini inalisoma. Mizigo ya siku nzima pia inaweza kufupishwa kuwa heshi moja (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data) inayokaa kwenye sloti moja, na daftari kamili likabaki kwenye kompyuta ya ofisi.

Kinachobaki kwenye hifadhi ni deni ambalo chama kinadaiwa na kila mwanachama, maana ndilo mkataba unalolipa. Hapo kuna mtego. Malipo yakilirudisha deni kwenye sifuri, mzigo unaofuata utalipa 22,100 tena. Ukiacha shilingi 1 ndani ya sloti na kuitoa kwenye hesabu, kila mzunguko wa kulipa na kuandika upya unakula 10,000 badala ya 22,300.

Mtego huohuo unaangusha miamala. Pochi, programu inayotuma miamala, inakadiria gesi kwa hali iliyopo sasa. Karani anatuma mzigo deni likiwa bado lipo, kwa hiyo kadirio linahesabu 5,000. Malipo kwa mwenye mzigo huo yakitangulia kuingia kwenye bloku (fungu la miamala), sloti inakuwa sifuri na zinahitajika 22,100. Gesi inakatika njiani, kila kilichoandikwa kinafutwa, na gesi iliyoungua hairudi. Pochi nyingi huongeza akiba kidogo, lakini pengo la 17,100 ni kubwa kwa muamala mdogo, hivyo weka kikomo cha juu kwa mkono. Usiyategemee marejesho kujaza pengo, kwani huhesabiwa muamala ukiisha.

Jumla ya mizigo nayo isiandikwe ndani ya kitanzi (amri zinazojirudia). Ikusanye kwenye kigeu cha muda, uiandike mara moja mwishoni. Na orodha inayokua msimu mzima usipange kuifuta kwa amri moja ya delete: sloti 10,000 kwa 5,000 kila moja ni gesi milioni 50, na tangu mabadiliko ya Fusaka ya Desemba 2025 muamala mmoja hauruhusiwi kuvuka 16,777,216. Ifute kwa mafungu, au anzisha orodha mpya kwa namba ya msimu na uiache ile ya zamani ilivyo.