Waacheni Wampindue Mfalme

Nimeulizwa tena. Msimamizi mchanga wa mchezo wa kuigiza wa mezani (ule ambao msimamizi husimulia ulimwengu, kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, na dadu hutoa matokeo) kaniandikia kwamba wachezaji wake wanapanga kumuua mfalme na kukalia kiti chake, naye anataka mbinu ya "kuwarudisha kwenye hadithi". Tayari kampa mfalme walinzi mia wa ngazi ya 20, yaani wenye nguvu za kupindukia, pete ya kuzuia uchawi wote, na joka chini ya sakafu ya baraza. Yeye nilimjibu kwa upole. Upole wenyewe uliishia hapo.

Hofu ya wasimamizi kama yeye ni hii: eti mchezaji akishika dola mchezo umekwisha, kwa kuwa ana jeshi na hazina na hakuna tena wa kumtisha. Jamani, huu mchezo ulianzia huko huko! Mwaka 1969 mbunifu wa michezo Mmarekani, David Wesely, aliwagawia wachezaji wake vyeo katika mji wa kubuni wa Braunstein, mmoja meya, mwingine mkuu wa chuo kikuu, akawaachia wavutane. Na kanuni za kwanza za mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, za mwaka 1974, zilimruhusu mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 ajenge ngome, awe mtawala wa eneo lake, na atoze kila mkazi vipande 10 vya dhahabu kwa mwaka. Utawala ulikuwa zawadi iliyoandikwa kwenye kanuni. Sisi ndio tuliokuja kuuogopa baadaye.

Kinachoniudhi hasa ni kule kuichukulia enzi kama upanga, kitu cha kuokota kwenye maiti ukaenda nacho. Wachezaji wangu walimuua mfalme wao usiku mmoja, vita vizuri, dadu zikawapenda. Kulipokucha nikawauliza swali moja: unga wa ghalani unatosha siku ngapi? Kimya. Mshika funguo alikuwa ametoroka nazo. Askari wa lango walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitatu. Kuhani mkuu "anaumwa", hawezi kumtawaza mtu. Mchawi wao anaweza kuuchoma mtaa mzima kwa mpira wa moto, lakini kumfanya karani arudi kazini hawezi, na karani ndiye anayejua nani anadaiwa kodi na nani alishalipa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni hao ndio mchezo wenyewe.

Kwa hiyo ufalme wangu ni karatasi moja tu. Naandika watu sita au saba: kila mmoja ameshika nini, anataka nini, na akidharauliwa atakimbilia kwa nani. Sharti ni kwamba wote wasiweze kuridhika pamoja. Jemadari anataka mashamba ya mtoni, na hayo ni ya hekalu. Mpe, kuhani anazidi kuumwa. Mnyime, lango la usiku linasahaulika wazi. Hapo wachezaji wenyewe watakwambia wanataka kurudi mapangoni kutafuta dhahabu ya kumnyamazishia mmojawapo, na wewe hujawasukuma.

Kodi, mavuno, majeshi? Rusha dadu moja kila msimu, songa mbele. Niliwahi kutengeneza jedwali la mazao. Wawili wakawa wanapiga hesabu, watatu wanachezea simu. Kampeni ile, yaani hadithi yetu ya vikao vingi, ilikufa, na niliyeiua ni mimi.

Halafu kuna mwenzetu anayesema "sawa, tawaleni", kisha kila kikao anawaletea uasi, tauni, na sumu kwenye supu. Huyo bado anakataa, ila kwa mlango wa nyuma. Wakiagiza barabara ijengwe, siku moja waipite wakute mikokoteni na askari wao wanaosalimu.

Nisichokimudu mpaka leo ni kiti kimoja kwa watu watano. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watano. Ushauri wa kawaida ni kumpa kila mmoja wizara, nami huutoa, lakini unasaidia nusu tu, maana waziri bado anaomba ruhusa kwa rafiki yake. Nimejaribu baraza la kura: masaa matatu ya ubishi kuhusu daraja. Nimewahi pia kuwa na malkia aliyetawala vizuri, mwenye haki kila alipoamua, na bado wenzake walichoka wakaacha kuja. Na wengine, ukiwachunguza, walitaka kupigiwa tarumbeta tu mara moja waondoke zao. Waulize kabla hujaandika karatasi yako.

Yule msimamizi nilimwambia apunguze walinzi, avue ile pete, aandike nani anashika funguo. Akauliza, "Na joka je?"

Joka liache. Ila lilikuwa linalipwa: ng'ombe arobaini kila mwezi unapoandama, na aliyejua ni mfalme peke yake. Mwezi unaandama keshokutwa.