Kidijitali si mtandaoni

Juzi nimelisikia tena kosa la kuchanganya maneno haya mawili. Tumo ofisini, saa nne na nusu, chai imekwisha, na mwenzangu wa Baiolojia anairudisha projekta kabatini bila hata kuiwasha.

"Kidato cha pili leo nawapa chaki tu," akasema. "Kidijitali haiwezekani, mtandao hakuna."

"Madam, ile video ya moyo si uliniambia unayo kwenye flashi?"

"Ninayo."

"Na umeme?"

"Umeme upo, Mwalimu. Mtandao ndio hakuna."

Flashi yenyewe ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, kwenye kamba moja na kitambulisho.

Sikumcheka, maana najua alikolitoa. Kwenye semina ya mwisho tuliyokaa pamoja hapa Tanga, mwezeshaji alisimama mbele ya walimu akasema "kufundisha kidijitali, yaani mtandaoni", kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichoharibika. Slaidi zake zilikuwa kwenye kompyuta yake mpakato, na ukumbi ule haukuwa na intaneti hata ya kuonjea. Hiyo "yaani" ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Maana zenyewe hazina urefu. Kitu ni cha kidijitali pale sauti, picha au maandishi yake yanapohifadhiwa na kupitishwa kama tarakimu, sifuri na moja, ambazo kifaa huzisoma na kukurudishia kilichokusudiwa. Kitu kiko mtandaoni pale unapokifikia kupitia kompyuta zilizounganishwa, hasa kwa intaneti. Neno la kwanza linaeleza kitu kimeundwaje, la pili kiko wapi. Cha mtandaoni ni cha kidijitali, ila si kila cha kidijitali kiko mtandaoni: kila changu ni samaki, lakini shuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi uangalie kama kila samaki ni changu.

Dijitali tumelipata kwa Waingereza, nao asili yake waliitoa kwenye Kilatini, digitus, yaani kidole. Watu walihesabu kwa vidole, basi kila tarakimu ikaitwa kwa jina la kidole, na mashine zilipoanza kufanya kazi kwa tarakimu zikarithi jina hilohilo. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anayejumlisha tatu na nne kwa kukunja vidole chini ya dawati yuko karibu zaidi na asili ya neno hili kuliko mwezeshaji wetu. Saa ya mishale haihesabu hivyo: mshale wake unateleza tu, haujui kuruka kutoka tarakimu moja hadi nyingine, na mwendo wa namna hiyo ndio unaoitwa analojia. Saa ya mkononi yenye namba zinazobadilika ni ya dijitali, na wengi tuliivaa kabla hatujajua intaneti ni nini.

Na kama tumesahau, neno lenyewe halikutufikia kwa njia ya intaneti. Wengi wetu lilitufikia kwa televisheni. Mwisho wa Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata kwa zamu, Tanga ikiwemo, na watu wakakimbilia ving'amuzi. Mtaani "analojia" likageuka tusi: mwenye simu ya tochi ni analojia, mzee anayekataa kutuma pesa kwa simu ni analojia. King'amuzi, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya majina mazuri tuliyowahi kukipa kifaa. Kung'amua ni kutambua jambo lililojificha, na kisanduku kile hufanya hivyo hasa: hupokea tarakimu hewani, kikazing'amua, ukaona mpira. Kifurushi cha chaneli tulilipia, tena kwa kunung'unika, lakini sikumbuki jirani yangu hata mmoja aliyenunua bando la intaneti ili king'amuzi kiwake. Sebule nzima ya kidijitali, na mtandaoni hakuna mtu.

Nadhani kilichotuvuruga ni simu janja. Mambo mawili yalitufikia kwenye kiganja kimoja, tukadhani ni jambo moja.

Mtandao nao una mzigo wake. Ni neno la kutanda na kutandaa: wingu hutanda, buibui ana tandabui yake. Neno zuri kwa vitu vilivyounganishwa vikasambaa. Ila mdomoni tumelitwisha kazi nyingi mno. "Uko mtandao gani?" hapo ni kampuni ya simu. "Mtandao unasumbua" hapo ni mawimbi ya mnara. "Nimeiona mtandaoni" hapo ni intaneti, na mara nyingi mtu ana maana ya WhatsApp tu. Madam aliposema mtandao hakuna alikuwa mkweli kabisa, simu yake haikuwa na hata mstari mmoja. Ila video iliyokwisha kuingia kwenye flashi haina habari na mnara.

Tena upo mtandao usio na intaneti, na hapa ndipo walimu wengi hushangaa. Iko programu inaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule kama zetu. Unaweka masomo kwenye kompyuta moja mara moja, palipo na intaneti. Ukirudi shuleni, vishikwambi vya darasani vinajiunga na kompyuta ile kwa waifai na kuyasoma masomo, bila bando la mtu yeyote. Vifaa vimeunganishwa, kwa hiyo mtandao upo. Intaneti ndiyo haipo, na hakuna mwanafunzi atakayegundua.

Kiswahili tayari kina neno linaloumaliza ugomvi huu, nalo tunalitumia kila siku bila kulisikiliza: kupakua. Bandarini hapa shehena hupakuliwa. Nyumbani wali hupakuliwa kutoka sufuriani kwenda kwenye sinia. Sasa wali ukishapakuliwa, moto ukizimika kuna mtu anayesusa kula? Video ya moyo ilishapakuliwa tangu Jumapili usiku, nyumbani kwa Madam, kwa bando lake mwenyewe. Ilikuwa siniani tayari.

Na vya kupakua viko vingi. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye memori kadi na kuifungua popote. Majaribio ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanapakuliwa na kufunguka kwenye kompyuta bila intaneti: mwanafunzi anaunga betri, nyaya na balbu kwenye kioo, akikosea waya unashika moto wa kuchora tu, fyuzi ya shule inasalimika. GeoGebra kwa watu wa Hisabati ni vivyo hivyo. Vipo pia visivyokwepa mtandao, nisije nikaonekana nabisha tu: somo la moja kwa moja na mwalimu aliye mji mwingine, au vitabu vilivyo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Hapo ukisema mtandao hakuna, nitakuelewa na kukupa pole.

Kinachoniuma ni vishikwambi. Baada ya sensa ya Agosti 2022 Serikali ilivigawa kwa walimu, na hadi leo nakutana na mwenzangu anayeniambia chake kimelala kwenye droo kwa sababu "hakina bando". Kifaa chenye uwezo wa kubeba vitabu, picha na sauti za muhula mzima kinalala kwa kosa la tafsiri. Upande wa pili yuko anayepiga picha ubao alioujaza nukuu, akairusha kwenye kundi la wazazi na kujisifu amefundisha kidijitali. Ni kidijitali, ni mtandaoni pia, sina la kumkatalia. Kama amefundisha, hilo ni swali jingine.

Kipindi cha Madam nilikichungulia dirishani. Alichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu, vyumba vinne, mishale ya damu ikiingia na kutoka, mchoro ambao mimi nisingeuweza. Kwa hiyo, Madam, chaki sina ugomvi nayo. Ungeniambia "leo nimependa chaki" ningekuletea na kifutio. Ila mtandao, dada yangu, usiusingizie.