Kidege wa kijitoni: mkazi au mgeni?

Ukipita kando ya kijito kwenye mabaki ya misitu ya asili Mufindi, au kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, utamwona kidege wa kijivu cha kahawia ametulia wima kwenye kijiti. Anachomoka ghafla, anadaka mdudu hewani, kisha anarudi, mara nyingi kijiti kilekile. Huyo ni mdakanzi mdogo, kitaalamu Muscicapa adusta: urefu wa sentimita 12 hivi, uzito gramu 11 hivi. Sauti yake ni nyembamba mno, "tsiii", na wengi huipita bila kuisikia.

Kazi huanza Oktoba, anapoingia ndugu yake kutoka Ulaya na Asia, Muscicapa striata, anayekaa huku hadi Machi au Aprili. Hapo ndipo orodha za watazama ndege zinapoharibika. Mgeni ni mkubwa kidogo, sentimita 14, mwenye michirizi utosini na kifuani. Kifua cha mkazi kina kivuli kilichofifia tu. Lakini usikimbilie alama za kifuani: kinda la mkazi lina madoadoa mgongoni na kifuani, nalo limewapoteza wengi. Tazama bawa lililokunjwa. La mgeni ni refu, limelala juu ya mkia. La mkazi ni fupi. Jua liwe mgongoni kwako, elekeza darubini kwenye kijiti, wala usimfukuze hewani. Atarudi. Ukimwona Juni au Julai, hakuna mjadala: ni mkazi.

Kiota cha mkazi ni kikombe cha vijizizi na vimea laini vya kijani vinavyoota kwenye magome mabichi, kimeshikizwa kwa utando wa buibui. Hukipachika kwenye pango la shina au ukingo wa udongo, na kutaga mayai 2 au 3. Kinafanana na gome lenyewe, kwa hiyo panga linapita bila mwenye panga kujua. Anayesafisha kingo za kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni kando ya kijito, Septemba hadi Desemba ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukikata. Na ukingo wenyewe si wa kulima: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni.

Ukikuta kiota, rudi nyuma. Usikate majani yanayokiziba ili upige picha. Jua na kipanga vitafika kabla hujafika nyumbani.