"Ng'oa Tu, Dokta": Kwa Nini Kuokoa Jino Kumekuwa Ghali Kuliko Kuling'oa

Juzi alikuja dada mmoja anayeuza chakula jirani na stendi hapa Morogoro. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, na mtandio ameufunga kuzunguka kidevu kana kwamba anazuia taya lisidondoke. Hata kabla hajaegemea kiti akaniambia, "Ng'oa tu, dokta. Siku ya tatu hii sijalala."

Nikamwangalia. Lilikuwa gego la kwanza la chini, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na ambalo wazazi wengi hudhani ni la utoto litang'oka lenyewe. Lilikuwa na tundu la kuingia punje ya mchele, lakini kuta zake bado zilikuwa imara. Nikamwambia jino hili linaokoleka, na nikamtajia gharama ya kutibu mzizi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona kung'oa ni makumi ya elfu tu, kulitibu laki na zaidi? Si jino ni lile lile?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku, na ni swali la haki. Pale nilimjibu kwa haraka kwa kuwa benchi la nje lilikuwa limejaa. Hapa nijibu kwa kirefu.

Jino kwa nje limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini, chumba kidogo chenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka mpaka ncha za mizizi. Kuoza huanzia juu, kama doa jeupe lisilong'aa. Bakteria wa kinywani wanakula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo inayeyusha enameli kidogo kidogo. Enameli haina fahamu, kwa hiyo huhisi chochote. Uozo ukiingia kwenye dentini, maji baridi na soda vinaanza kukushtua. Ukifika kwenye kiini, usingizi unakwisha.

Kisha, baada ya siku chache za mateso, maumivu yanakata ghafla. Watu wengi hushukuru Mungu hapo na kuahirisha safari ya hospitali, kumbe kiini kimekufa. Mishipa ya fahamu imeoza pamoja na kila kitu kilichokuwemo, na usaha unatafuta njia ya kutokea kwenye mfupa. Vidonge vya amoksilini na flajili ulivyonunua duka la dawa vinaweza kutuliza uvimbe kwa muda, ila haviwezi kuingia ndani ya jino lililokufa, maana hakuna tena damu ya kuvifikisha huko.

Gharama nayo hupanda ngazi kwa ngazi pamoja na uozo. Doa jeupe linazuilika kwa floridi, na tundu dogo tunaliziba kwa kikao kimoja. Uozo ukishagusa kiini, tunaingia kwenye kazi nyingine kabisa.

Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, na ndani ya mizizi hiyo mna mifereji mitatu, mara nyingine minne. Nikishachoma ganzi natoboa juu ya jino na kuitafuta midomo ya mifereji hiyo, vitundu vidogo kama alama ya ncha ya kalamu. Natanguliza sindano nyembamba tunayoiita faili, ambayo ncha yake ina upana wa milimita 0.10. Natakiwa kuishusha milimita ishirini hivi, kwenye njia iliyopinda ambayo siioni kwa macho. Nikipitiliza ncha ya mzizi naumiza mfupa, na nikiishia njiani nimeacha uozo ndani. Ndiyo maana napiga picha ya eksirei kabla ya kuanza, napiga nyingine faili ikiwa ndani, na nyingine nikimaliza. Natanua mfereji faili baada ya faili, huku naosha kwa hipokloriti, kemikali ileile iliyomo kwenye maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ila yetu imepimwa kwa matumizi hayo. (Tafadhali usijaribu nyumbani.) Mwisho naujaza mfereji kwa gata-pacha, utomvu wa mti unaokaushwa. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi, mara nyingi kwa vikao viwili. Na gego lililotibiwa hivyo huwa jepesi kupasuka, kwa hiyo linahitaji kuvikwa kofia inayotengenezwa maabara, na hiyo ina bei yake peke yake.

Kung'oa kunahitaji ganzi, koleo, pamba, na dakika ishirini jino likiwa halisumbui.

Vitu hivyo vyote, kuanzia kichupa cha ganzi cha mililita 1.8 hadi filamu ya picha, vinatoka nje ya nchi na vinalipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Faili zenyewe hazidumu. Zinachoka, na faili iliyochoka ikikatikia ndani ya mzizi ni msiba kwa mgonjwa na kwa daktari, kwa hiyo lazima tuzitupe mapema. Weka na glavu, barakoa, na mashine ya kuchemshia vyombo kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kliniki nyingi zilifanya kazi kwa jenereta, na dizeli nayo inalipwa na mgonjwa hatimaye.

Lakini dola si sababu ya kwanza. Hospitali niliyoanzia kazi ilikuwa na kiti kimoja cha meno. Mwezi wangu wa pili kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ikaharibika, na ikakaa hivyo zaidi ya mwaka mzima. Bila kompresa, drili haizunguki. Ganzi ilikuwepo na koleo zilikuwepo, kwa hiyo niling'oa. Niling'oa meno ambayo chuoni nilifundishwa kuyaokoa, ya vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, asubuhi moja baada ya nyingine, mpaka wahudumu wakawa wananiandalia koleo kabla sijasema neno. Watu wa pale walikuja kuamini kwamba kazi ya daktari wa meno ni kung'oa, kwa sababu hawakuwahi kuona akifanya lingine. Nikisikia "ng'oa tu" leo, siwezi kumlaumu anayesema. Tulimfundisha sisi.

Halafu kuna umbali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya kinywa, iliyotoka 2022, inaonyesha kanda ya Afrika ina wastani wa madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani mmoja kwa watu 30,000 hivi, takriban sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Na hao wachache wengi wao wako mijini. Mkulima wa kijiji cha mbali anapopiga hesabu, anaanza na nauli ya kwenda na kurudi, anaongeza ya mtu wa kumsindikiza, na siku nzima shamba limekaa. Matibabu ya mzizi ya vikao viwili ni safari mbili. Kung'oa ni moja. Hata ningemtibia bure, bado kung'oa kungekuwa rahisi kwake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilianzia hapa nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa afya ya kinywa waliokuwa wakifanya kazi Tanzania, chini ya skuli ya meno ya Dar es Salaam, walikutana na kikwazo hichohicho cha kompresa. Vijijini hapakuwa na umeme wa kuzungusha drili. Wakaanza kufanya kitu ambacho madaktari wengi wa wakati ule wangekikataa: kukwangua uozo kwa vijiko vidogo vya mkono, kutoa ile sehemu laini tu, na kuziba. Kazi hiyo ya mwanzo inahusishwa na Morogoro, mji huu ninaouandikia. Baadaye njia ikajaribiwa Zimbabwe na Thailand kwa kutumia glasi-ionoma, saruji ya meno inayojishikiza yenyewe kwenye jino na kutoa floridi polepole. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotengwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi zote. Kitaalamu inaitwa ART, kifupi cha Kiingereza cha "Atraumatic Restorative Treatment", yaani kutengeneza jino bila kuliumiza. Mimi kwa wagonjwa wangu nasema "kuziba kwa mkono".

Vifaa vyake vinaenea kwenye begi la mgongoni: kioo, kijiko cha kukwangulia, kipatasi kidogo cha kupanulia mdomo wa tundu, pamba, na chupa mbili, moja ya unga na moja ya maji yake. Mgonjwa anaweza kulala juu ya dawati la darasa. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, kwa sababu uozo laini hauna uhai wa kuuma. Inafaa hasa kwa matundu madogo ya upande mmoja wa jino. Kwa tundu kubwa lililokula pande mbili haidumu vizuri, na kwa jino ambalo kiini kimeshakufa haifai kabisa. Nasema hivyo ili mtu asije akadhani nimepata dawa ya kila kitu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka glasi-ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, na dawa nyingine ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo unapaka kwenye tundu na uozo unasimama. Hii ya mwisho inaliacha jino na doa jeusi, na mzazi aambiwe mapema, lakini kwa meno ya utoto imeniokolea watoto wengi na kilio.

Kwa hiyo njia ipo, ilizaliwa mikononi mwetu, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya kutibu mzizi. Bado ninakutana na zahanati ambako kuna tabibu wa kinywa na meno aliyefundishwa kuifanya, ana mikono mizuri, lakini chupa ya glasi-ionoma iliisha miezi iliyopita na haikuagizwa. Koleo haziishi, na ndiyo maana kung'oa hakukosekani. Ninaomba wanaopanga bajeti za dawa wilayani wasome hapa mara mbili. Na tunapojadili kifurushi cha bima chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, tusiridhike na neno "huduma za meno" peke yake. Tuulize kama kuziba kumo, au ni kung'oa tu.

Nawe ukienda kituo cha afya, usiulize bei ya kung'oa kwanza. Uliza, "Jino hili linazibika? Mnaziba kwa mkono?" Mpeleke mtoto akiwa na miaka sita au saba, magego yale ya kwanza yakiwa yanachomoza, kabla hajalalamika. Apige mswaki kwa dawa yenye floridi usiku kabla ya kulala, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, floridi ibaki kazini. Wanaotumia maji ya visima vya Arusha, Kilimanjaro na Manyara wajue kwamba huko kuna maeneo ambako floridi kwenye maji imezidi na ndiyo inayopaka meno rangi ya kahawia. Hapo mtaalamu wa eneo ndiye wa kumuuliza.

Jino likikuuma usiku na hospitali iko mbali, karafuu si uzushi wa bibi. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo sisi wenyewe tunaichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Pamba yenye tone moja ndani ya tundu inatuliza. Lakini usiweke maji ya betri, wala kidonge cha aspirini juu ya fizi. Nimetibu midomo iliyoungua kwa vyote viwili. Na uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, ukashindwa kumeza mate au kufungua kinywa, usingoje kukuche. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Yule dada wa stendi hakuwa na laki. Nilimweleza kwamba pengo litafanya meno ya jirani yalale na la juu lishuke, akanisikiliza, akasema anajua, ila mwezi huu ana ada ya shule. Nikamng'oa. Usaha ulitoka, na uso wake ukalegea palepale kwenye kiti. Alipokuwa anasimama nikamuuliza kama ana watoto.

Jumamosi alimleta binti yake wa miaka saba. Gego moja la chini lilikuwa na kidoa cha kahawia ambacho kijiko changu kilizama ndani yake kidogo. Nilimlaza kwenye benchi la mbao, kwa kuwa kiti kilikuwa na mtu, mama yake akamshikia tochi ya simu. Nilikwangua, nikafuta kwa pamba, nikachanganya unga, nikabonyeza kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Robo saa hivi. Mtoto alichukua kioo, akaangalia mahali palipozibwa, akauliza kama anaweza kula andazi sasa. Nikamwambia asubiri saa moja.