Mtoto Akikohoa Hadi Wiki ya Tatu, Uliza Nani Mwingine Anakohoa Nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini haina mchezo. Uyole, Rungwe, Makete hadi Mufindi, madirisha hufungwa jua likizama tu, watu wanaota moto jikoni, na usiku familia nzima hulala chumba kimoja. Msimu huo kliniki za watoto hujaa vikohozi. Vingi ni vya mafua, na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Ninayemhofia ni mtoto anayeingia wiki ya tatu bado anakohoa, na nyumbani wameshazoea kusema "ni baridi tu," kumbe huenda ni kifua kikuu (TB).

Julai moja nilimpokea mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amehangaika sana. Alianza na sirapu ya dukani, akapewa amoksilini mara mbili, kisha bibi akashauri mtoto akakatwe kimeo. Kimeo kikakatwa, kikohozi kikabaki palepale. Nikamwomba kadi ya kliniki. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga, safi kabisa, haina hata kunyanzi. Mstari wa uzito ulipanda vizuri hadi mtoto alipofikisha miezi kumi, ukalala, na miezi miwili ya mwisho ukaanza kushuka. Mtoto alikuwa amepimwa kila mwezi, lakini hakuna aliyeusoma ule mstari.

Nikamuuliza, "Mama, nyumbani nani mwingine anakohoa?"

Akafikiri kidogo. "Mjomba wake. Alirudi kutoka machimboni Chunya tangu mwezi wa tatu. Analala nasi."

Swali hilo lina uzito kuliko vipimo vingi. Mtoto mdogo huambukizwa kifua kikuu na mtu mzima aliye karibu naye: baba, shangazi, dada wa kazi, jirani anayembeba kila siku. Mtu huyo akikohoa kwenye chumba kisicho na hewa, bakteria huelea, na mtoto huvuta. Kinga ya mtoto wa chini ya miaka 5 bado ni changa, hivyo wengi wanaougua huugua ndani ya mwaka mmoja tangu waambukizwe. Mwenye virusi vya UKIMWI yuko hatarini zaidi, na hilo linatuhusu sana: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Iringa na Mbeya zinaufuata mkoa huo kwa karibu. Ndiyo maana kila mtoto mwenye TB hupimwa VVU, na mzazi asilichukulie hilo kama tuhuma.

Dalili za mtoto hazifanani na za mtu mzima. Usisubiri damu kwenye makohozi. Angalia kikohozi au homa inayozidi wiki mbili, uzito usiopanda au unaoshuka, na mtoto aliyekuwa mchangamfu ambaye sasa anakaa tu pembeni wenzake wakicheza. Wengine huota tezi shingoni zisizouma, wengine mgongo hupinda. Akiwa na homa, anatapika, amelegea, shingo imekakamaa au anapata degedege, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, maana TB inaweza kuwa imefika kwenye utando wa ubongo.

Hapa kwetu kuna mtego mmoja. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 56.9 mkoani Iringa na 50.4 Njombe kwa watoto wa chini ya miaka 5. Watoto wadogo wa umbo wakiwa wengi hivyo, aliyekonda hamshangazi mtu. Tunalaumu chakula, tunasisitiza uji wa lishe, na TB inaendelea kumla mtoto kimyakimya.

Kuhusu kimeo naomba wazee wetu wanisikilize. Kimeo hakileti kikohozi cha wiki nyingi. Kukikata huleta damu na vidonda vinavyoingia wadudu, na hupoteza muda ambao mtoto hana. Wengine huniambia, "Lakini alichanjwa, kovu hili hapa." Chanjo ya BCG ni nzuri, mpeni kila mtoto anapozaliwa. Inazuia hasa TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini, lakini haimzuii mtoto kupata TB ya mapafu.

Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi, huyameza. Kwa hiyo maabara inaweza kupima hata kinyesi kwa mashine ya GeneXpert. Yule mama alishangaa nilipompa kopo. Jibu lilirudi halijaona kitu. Hilo halikutuzuia, kwa sababu watoto huwa na bakteria wachache na kipimo huwakosa mara nyingi. Picha ya kifua, ule mstari wa kadi na mjomba, ambaye makohozi yake yalikutwa na TB, vilitosha kuanza dawa.

Dawa za TB hutolewa bure. Za watoto ni vidonge vyenye ladha ya matunda vinavyoyeyuka: unaviweka kwenye maji safi kama vijiko kumi vya chai, unakoroga, mtoto anakunywa ndani ya dakika kumi. Kwa kawaida ni miezi 6. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali miezi 4 kwa mtoto ambaye ugonjwa wake si mkali, lakini huo ni uamuzi wa daktari. TB ya ubongo au mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa usiogope, ni dawa. Macho yakiwa ya njano au akitapika mfululizo, mrudishe kituoni mara moja. Akichangamka baada ya wiki chache, usiache dawa. Wala usimtengee sahani na kikombe, TB haipiti huko, na mtoto mdogo ni nadra kuambukiza wenzake.

Mjomba alianza dawa wiki ileile. Dada wa mtoto, mwenye miaka minne, alichunguzwa, akakutwa hana ugonjwa na akaanzishiwa dawa kinga. Mama akaanza kufungua dirisha mchana, baridi au isiwe baridi.

Mtoto alianza na kilo 7.2, kidonge kimoja kwa siku. Dozi hufuata uzito, ndiyo maana tunampima kila anaporudi. Mwezi wa pili mzani ulisoma kilo 8.1. Nikaweka nukta mpya kwenye kadi, juu ya ile ya mwisho, nikamwambia mama kuanzia kesho asubuhi ayeyushe vidonge viwili.